Tulimwita Akiwa Hai

Mume wangu alikuwa kipa wa timu ya kiwanda, na kama kuna kazi ya kijinga kuliko kujirusha kwenye changarawe kati ya milingoti miwili ya chuma, mimi bado sijaiona. Siku za wiki alikuwa karani wa mizani pale kiwandani Athi River, akipima malori yakiingia na kutoka. Jumamosi alikuwa mali ya timu, na jioni mimi ndiye niliyemtoa mawe magotini kwa sindano ya kushonea huku akinisimulia mabao ambayo hayakuingia. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kitengela, ndani kidogo kutoka barabara ya Namanga. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati ukifungua mlango wa nyuma uliona nyumbu wakipita kule mbali, kabla ploti hazijajaa nyumba za kupangisha. Tulikuwa na mabinti wawili wadogo. Yeye alikuwa mtu wa kelele. Akioga aliimba, akila alisimulia, na akicheka ploti nzima ilijua kuna jambo.

Timu ilikuwa na daktari wake, yaani ndoo ya maji baridi. Mchezaji akigongwa kichwa alimwagiwa ndoo, kisha kocha aliinama mbele yake akanyoosha vidole. "Ni ngapi?" Vilikuwa viwili. Siku zote vilikuwa viwili. Kila mchezaji alijua jibu kabla hajafumbua macho, na hata mbuzi wa Kajiado angefaulu mtihani huo. Mume wangu aliufaulu mara nyingi. Aligongwa na goti la mtu, akafaulu. Akaangukia kisogo, akafaulu. Akifika nyumbani alijitangaza kuwa ana kichwa cha mawe, nami nilicheka, kwa sababu hapakuwa na damu, na kwetu sisi kisichotoa damu si jeraha.

Siku ninayotaka kuisimulia timu ilikwenda Kajiado kucheza kwenye uwanja wa shule. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama kando ya mstari na binti mdogo mgongoni, mume wangu akaruka kuufuata mpira, na badala ya mpira akaukuta mlingoti. Nilisikia chuma kikilia. Alilala pale kifudifudi, vidole vya mkono mmoja vikikwaruza changarawe polepole, kana kwamba vinatafuta kitu. Ndoo ikaja. Vidole viwili vikanyooshwa. Akasema viwili, akasimama, watu wakapiga makofi. Dakika za mwisho wapinzani wakapewa penalti, naye akaidaka mikononi kama mtu anayepokea mtoto. Walimbeba juu juu wakizunguka uwanja mzima.

Kwenye pikapu ya kurudi hakusema neno. Nilidhani amechoka. Tulipofika nyumbani nikapakua ugali na sukuma wiki, akala vizuri tu, akanawa mikono, kisha akaniuliza, "Mechi inaanza saa ngapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama akingoja jibu.

Tangu siku ile kuna kipande cha maisha yake hana. Alikumbuka akifunga kamba za viatu kabla mechi haijaanza. Kitu kilichofuata ni mimi nikimmiminia maji ya kunawa. Katikati hapana kitu. Na ile penalti ndiyo iliyomfanya maarufu, wanaume walimsimamisha njiani wamsimulie jinsi alivyoidaka, naye alisikiliza kwa adabu kisha akasema, "Si mimi." Watu walidhani ni unyenyekevu. Wakampenda zaidi.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Kichwa kilimuuma, jambo ambalo halikutushangaza. Kisha akaanza kuchukia mwanga. Kitengela jua halina aibu, linapiga mabati na mchanga mweupe mpaka macho yanatoa machozi, naye akawa anaketi ndani mchana, pazia limefungwa, kofia usoni. Sauti ya sufuria ikianguka ilimfanya atetemeke, na mara moja aliitupa nje sufuria yenyewe, na chakula ndani. Halafu alilia. Sikuwahi kumwona analia. Nilimuuliza ni nini mbaya, akasema hajui, machozi yanakuja yenyewe, hayamuulizi. Aliacha kuimba bafuni. Nilisikia maji tu yakimwagika, na kimya. Mwaka ukapita hivyo, na mwingine, mvua za El Niño zikaja zikaondoka na barabara yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka mlingoti wa Kajiado. Mtu akigongwa na akaamka, kwetu mambo hayo yalikuwa yamekwisha.

Siku moja nilimkuta kwenye kivuli cha tangi la maji. Alikuwa ametulia, hata nikafurahi. Nikaketi kando yake kuchambua mchele. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekwambia mkate umeisha, "Mama watoto, nimeelewa. Yule aliyedaka ile penalti ndiye alirudi nyumbani. Mimi nilibaki Kajiado."

"Acha mchezo," nikamwambia.

"Si mchezo. Wewe ulirudi na yeye. Sikulaumu, mnafanana."

Niliutazama mkono wake, pale ambapo msumeno uliwahi kumkata kabla hatujaoana. Kovu lilikuwepo. Nilijidharau kwa kulitafuta, lakini nililitafuta.

Baadaye kidogo jirani anayefanya kazi naye akaniuliza kama mume wangu bado anaumwa, maana kazini haonekani. Kila asubuhi yeye alikuwa akivaa shati na kuondoka. Sikuhitaji kuambiwa alikokuwa anakwenda. Nilifunga safari mpaka Kajiado, nikafika uwanjani jua likiwa la utosi, shule imefungwa, hakuna mtu ila mzee mmoja wa Kimaasai na mbuzi wake. Na mume wangu. Alikuwa ameketi langoni, mgongo kwenye mlingoti, kofia usoni, mbuzi wakila majani karibu na miguu yake kama vile hapana mtu.

"Takwenya," mzee akanisalimu.

"Iko," nikamjibu.

"Huyu ni mtu yako? Yeye hukuja hapa sana. Hukaa tu. Juzi nilimuuliza anangoja nani, akaniambia anajingoja mwenyewe." Alitema mate kando. "Mimi niko na miaka mingi, hiyo sijawahi kusikia."

Nilimshika mume wangu mkono nikarudi naye nyumbani, akanifuata bila ubishi. Ubishi ningeuweza. Kilichoniogopesha ni vile alivyogeuka mara kwa mara kuutazama uwanja, kama mtu aliyemwacha mgeni peke yake nyumbani.

Sasa jambo hili nikalipeleka kwa wakubwa, yaani kwa baba yake mkubwa, ambaye alipanda basi kutoka magharibi akaja. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuona ugumu wowote kuwa na Biblia mkononi na jani la mgomba mfukoni. Alimsikiliza mume wangu kwa makini, akauliza maswali, kisha akatoa uamuzi. Kwetu, mtu akifia njiani, ukoo wake huenda mpaka mahali pale. Huitwa jina lake, huambiwa "twende nyumbani," na udongo wa pale alipoangukia hubebwa mpaka boma lake, asije akabaki akizurura ugenini. "Amesema mwenyewe amebaki huko," baba mkubwa akasema. "Basi tumwendee."

Nilimuuliza kama hayo si mambo ya maiti.

"Wewe unataka mume wako ama hutaki?" akaniuliza. Nilimtaka. Nilimtaka yule wa kuimba bafuni, na ningefuata udongo mpaka Oltepesi, huko nyikani, kama wangeniambia ndiko aliko.

Tukaenda: mimi, baba mkubwa, shemeji zangu wawili na mume wangu mwenyewe. Baba mkubwa alisimama pale kwenye mlingoti akaliita jina lake mara tatu, kwa sauti kubwa, akitazama nyasi. Mara ya tatu mume wangu aliitika. Alikuwa nyuma yetu, akasema tu, "Naam," kama anavyoitika mtu yeyote, na hakuna aliyegeuka. Baba mkubwa akachota udongo, akaufunga kwenye jani, akaanza kutembea.

Na hapo ndipo penye kosa letu. Kanuni ya safari hiyo ni moja: tangu udongo uinuliwe mpaka ufike kizingitini, wanaosindikiza hawasemi na mtu yeyote aliye hai. Ukisalimiwa huitiki. Tulimpita yule mzee wa mbuzi, akasema "Supa!" tukapita kama mawe, jambo ambalo kwa Wamaasai ni tusi. Mume wangu alikuwa anatembea katikati yetu. Aliniuliza, "Tunaenda wapi?" Sikumjibu. Akamgusa ndugu yake bega. Ndugu yake akatazama mbele. Kwenye pikapu akasema ana kiu. Chupa ya maji ilikuwa mapajani mwangu. Niliishika kwa mikono miwili nikatazama barabara. Akasema tena, polepole zaidi. Isinya tukaipita, na mahali fulani baada ya hapo aliacha kuuliza.

Tulipofika Kitengela baba mkubwa aliuweka udongo kizingitini, akainama, akatamka kwa furaha, "Karibu nyumbani, mwanetu. Umefika." Shemeji zangu wakausalimu udongo. Mimi nikausalimu. Nilipoinua macho nilimwona mume wangu amesimama kando ya mlango, ameshika kofia, anatutazama tukimkaribisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari ambayo ameishuku kwa muda mrefu.

Tangu siku ile aliacha kula. Nilipomwekea sahani aliisogeza taratibu na kusema, "Nyinyi kuleni, msiharibu chakula." Alipishana nasi mlangoni akijibana ukutani, asitusumbue. Binti mdogo alipomkalia mapajani alishtuka, akamtazama kana kwamba mtoto amefanya muujiza. Hakuwa mkali tena, hakutupa kitu, hakulia. Baba mkubwa alirudi magharibi akiwa ameridhika kabisa. "Si mnaona ametulia?"

Jumamosi moja mchana akina mama wa kanisa wakaja kututembelea, maana habari husafiri. Waliimba, waliomba, nikawapa chai na mandazi. Mume wangu akatoka chumbani. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi, ikimning'inia kama ya kuazima. Aliwapa mkono mmoja mmoja, akawatazama kwa huruma kweli, akasema, "Asanteni sana kwa kuja. Mama watoto yuko na watoto wadogo, msimwache peke yake. Mazishi yakiisha watu husahau."

Mama mmoja aliangusha kikombe. Mwingine alianza kukemea pepo, nikamwambia anyamaze nyumbani kwangu. Niliingia chumbani nikakaa kitandani, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Alikuwa amefikiri vizuri kuliko sisi sote. Uliitwa jina lako kwa njia ya wafu, ukazungumza na hakuna aliyekusikia, ukaomba maji mke wako akatazama barabara. Mtu mwenye akili timamu angefikia uamuzi gani mwingine?

Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuwa tayari kimejitangaza chenyewe kwa suti. Nikampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, aliyekuwa akija kliniki moja ya Kajiado mara moja kwa mwezi. Watu walikuwa wameniambia nisiende, wataniandikia mume kichaa. Nilikwenda nikiwa tayari kugombana.

Daktari hakunyoosha vidole. Alimpa maneno matano ayakumbuke: ng'ombe, kijiko, mvua, kiatu, daraja. Akamwambia achore uso wa saa. Akamsimamisha miguu pamoja, macho yamefungwa, nami nikaona mwili wa kipa ukiyumba kama jani bila hata upepo. Akamwambia atoe saba kwenye mia, kisha saba tena. Huyu alikuwa mtu wa mizani, hesabu ilikuwa mate mdomoni kwake. Alisema tisini na tatu, akasema themanini na sita, akasema sabini na tisa, kisha akakaa akiitazama ile sabini na tisa na hakuendelea. Kati ya yale maneno matano yalibaki mvua na daraja.

"Na usingizi?" daktari akauliza. "Huzuni? Kuna wakati unafikiria kufa?"

"Nitakufaje tena?" akamjibu, kwa upole.

Daktari aliweka kalamu chini. Akanigeukia, akataka nimwambie alikuwa mtu gani kabla, kila kitu, mpaka nyimbo. Akauliza amegongwa kichwa mara ngapi. Nikasema mara moja. "Fikiria," akasema. Nikafikiria, na goti likaja, na kisogo, na mara nyingine nilizokuwa nimezisahau, na kila moja ilikuwa na ndoo yake. Nilizitaja zote, moja moja. Alinieleza kwamba huo ni mtikisiko wa ubongo, mmoja juu ya mwingine. Alisema hata picha ya kichwa huenda isionyeshe kitu, ndiyo maana yeye hupima kwa kuuliza, na kwa kumsikiliza anayeishi na mgonjwa. "Mama, kibuyu kikitikiswa hakipasuki," akasema. "Lakini maziwa yaliyo ndani hayabaki yale." Huzuni, hasira, mwanga kuchoma macho, kujiona si yeye, vyote vingeweza kutoka hapo, hata baada ya miaka.

Nilimsimulia habari za udongo. Nilitarajia kucheka kwa wasomi. Hakucheka. Alisema mtu ambaye hana uhakika kama yupo, ukimnyamazia njia nzima, umemjibu. Aliandika dawa, akakataza mpira maisha, akapanga awe anarudi. Kisha akanipa amri moja ya nyumbani: akisema lolote, ajibiwe. Hata akiongea na ukuta, mtu ajibu.

Tulijibu. Mungu anajua tulijibu. Mabinti walijibu mpaka ikawa mchezo. Dawa zilimlaza, zikamnenepesha, na siku moja alichukua ndizi mezani, akaimenya, akala nusu, akasema imeiva kupita kiasi. Nililia palepale mbele ya ile ndizi mbaya. Polepole akarudi mezani, akarudi kazini kwa kazi nyepesi ya stoo. Kanisani wakamsimamisha mbele kama ushuhuda. Baba mkubwa alipiga simu, maana sasa simu za mkononi zilikuwa zimefika, akajipongeza. Wote walisema amepona, nami nikasema nao.

Lakini niliishi naye. Alikuwa ameanza kuimba tena bafuni, nyimbo zilezile, ila alizimaliza zote mpaka mwisho, jambo ambalo zamani hakulifanya. Kicheko kilirudi, lakini kilichelewa kidogo, kama simu ya mbali. Siku moja mchana nilipita karibu na chumba, mlango wazi nusu. Alikuwa mbele ya kioo na picha yetu ya zamani mkononi, ile anayocheka meno yote nje. Alitazama picha, akatazama kioo, akapanua mdomo. Akaurekebisha. Akapanua tena. Hakutoa sauti yoyote. Nilirudi jikoni kwa ncha za vidole, nikawasha redio, na sikumwambia mtu.

Iliendelea hivyo miaka. Mara ya mwisho tulipomwona daktari yule, mabinti walikuwa sekondari. Alimpa maneno matano mapya, akayataja yote. Saba kwenye mia alizishuka moja moja mpaka mbili, jasho likimtoka. Akasimama macho yamefungwa na hakuyumba. Nilifurahi kama mzazi siku ya mtihani. Kisha daktari akavua miwani, akasema, "Mama, nikuulize mbele yake. Huyu ndiye mtu uliyeolewa naye?"

"Ndiyo" nilikuwa nayo ulimini. Nilikuwa nimeisema kanisani, nimeisema kwa baba mkubwa, nimeisema kazini kwake. Nilimgeukia mume wangu, nikamkuta tayari amekivaa kile kicheko cha picha, ananingoja, na mashavu yake yanatetemeka kwa kukishikilia.

"Hapana, daktari," nikasema. "Yule hakurudi. Mimi niko na huyu."

Nilidhani nimemuua. Kicheko kiliondoka usoni mwake, na ule uso uliobaki ulikuwa mzito, umechoka, na sikuwahi kuuona ukinitazama sawasawa hivyo. Alitafuta mkono wangu juu ya meza ya daktari.

"Asante, mama watoto," akasema. "Nilikuwa nimechoka kumwigiza."